Mti wa Amla wa Bibi Kaniz

Jambo lilianza kwa mtoto kumkumbatia mama yake. Katika nyumba nyingine yoyote ya kijiji chetu, Sarai Lakhan, lisingekuwa jambo la kusimulia, lakini nyumba ilikuwa ya Hashmat Ali, mwenye bustani ya amla, matunda yale ya kijani yenye ukakasi, na mtoto alikuwa Mahrukh, na Mahrukh hakuwa amemkumbatia mama yake tangu azaliwe.

Tumwogope Mungu, tusimwongezee mtu wala tusimpunguzie. Najbun hakuwa mama mbaya. Alipojifungua alishikwa na homa iliyomlaza mwaka mzima, asiweze kunyonyesha wala kushika bakuli, na mama mkwe wake, Bibi Kaniz, akakichukua kitoto akakilea kwa maziwa ya mbuzi. Najbun alipoinuka kitandani, mtoto alikuwa keshachagua. Alilala na bibi, alikula mkononi mwa bibi, na mama yake alimwita kwa jina, "Najbun," kama alivyosikia wakubwa wakiita. Watu walicheka. Najbun naye alicheka, kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko wali ulivyohitaji.

Bibi Kaniz alifariki mwezi wa kumi na moja, amla zikiwa bado mtini. Mahrukh alikuwa na miaka sita. Hakumkimbilia mama yake. Alipanda kitanda cha kamba cha bibi akalala hapo peke yake, na Najbun akimsogelea alijigeuza ukutani.

"Mikono yako inanuka chokaa," alisema.

Na kweli ilinuka. Mwanamke anayetengeneza murabba anatoboa amla moja moja kwa sindano, anaziloweka katika maji ya chokaa, tena katika maji ya shabu, ndipo anazichemsha kwenye shira ya sukari. Msimu ukiisha viganja vyake vimepasuka, na harufu haitoki.

Basi asubuhi moja ya mvua, mwezi wa nane, Najbun alikuwa amechuchumaa uani anasugua sufuria kwa majivu. Mimi nilikuwa nimepanda ukuta unaotutenganisha, naomba kaa la moto, maana kuni zangu zilikuwa zimelowa. Nikamwona Mahrukh anatoka ndani polepole, anakuja kwa nyuma, anamzungushia mama yake mikono shingoni na kulaza shavu mgongoni kwake.

"Mama," akasema.

Nikasema kwa mzaha, "Shoga, leo jua limetokea wapi?"

"Nyamaza, Mama Tufail," Najbun akaninong'oneza bila kusogea, majivu yakimtiririka mikononi. "Nyamaza, usije ukamshtua."

Nikanyamaza. Nilinyamaza sana mwaka ule, Mungu anisamehe.

* * *

Lazima niuseme mti. Kwenye pembe ya kaskazini ya bustani kulikuwa na mti wa amla wa zamani, uliojiotea wenyewe kabla ya babu yake Hashmat. Mingine yote ilikuwa ya kupandikizwa, aina ya Chakaiya, yenye matunda makubwa ambayo wachuuzi wa Allahabad wanayagombania. Ule wa zamani ulizaa vitunda vidogo vyenye nyuzi, visivyofaa ila kwa achari.

Bibi Kaniz aliutunza kuliko yote. Kabla ya mtu kuchuma au kukata hata kijiti, alikwenda siku tatu mfululizo, akaweka kiganja kwenye gome, akatoa salamu na kusema: "Enyi mnaokaa hapa, keshokutwa tunakata. Hameni kwa amani, mrudi kwa amani." Siku ya pili akasema kesho. Siku ya tatu akasema leo. Ndipo akamruhusu mwanawe na msumeno. Sisi majirani tuliona ni mambo ya wazee. Hashmat naye aliona hivyo hivyo, ila hakuthubutu kumwambia mama yake.

Mama alipokufa, alingoja mavuno yaishe. Mwezi wa pili, saa sita ya mchana, aliukata mti ule kichwa, bila salamu wala siku tatu, ili uchipue upya na apate kuupandikiza Chakaiya. Matawi yalipangwa nyuma ya jiko yakawa kuni. Mvua zilipokuja, shina lilikuwa limetoa machipukizi mengi. Akachagua saba yenye afya, akakwangua gome la kila moja kwa kisu, akabandika kipande cha gome la Chakaiya chenye chipukizi lake, akafunga kwa utepe wa nailoni. Mengine yote akayakwanyua. Anayejua kazi anajua: ukiacha shina la zamani litoe matawi yake chini ya pandikizo, litalinyima pandikizo chakula mpaka life.

Saba yale aliyafunga Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mahrukh alimkumbatia mama yake.

* * *

Siku za kwanza ilikuwa furaha tupu. Mtoto alimfuata Najbun kisimani, alilala naye kitanda kimoja, alishika upindo wa mtandio wake hata akienda chooni. Hashmat alicheka akasema, "Nimenyang'anywa mke ndani ya nyumba yangu." Najbun alinenepa mashavu.

Halafu yakaanza mambo. Kila mtu wa kwetu anaijua amla: ukiitafuna inakukunja uso, kisha ukinywa maji yanageuka matamu kama yametiwa sukari. Watoto wanaila kwa ajili ya maji hayo tu. Mahrukh alitia mkono kwenye mtungi wa amla za chumvi, akatafuna tano bila kukunja hata jicho, akanywa maji, akayatema.

"Machungu, mama. Yana ladha ya chuma."

Najbun akasuuza bilauri. Akateka maji mengine. Akaambiwa vile vile.

Jua likizama tu, mtoto alijikunja. Vidole vilifumbana, mikono ikalala ubavuni, na usingizi ukamchukua palepale alipo, hata kama tonge liko mdomoni, kama vile majani ya amla yanavyojikunja yote kwa pamoja jioni. Hashmat akitoa msumeno kuunoa, mtoto alijificha chini ya mtandio wa mama yake akitetemeka, na mtandio ukabaki na harufu ya ubao mbichi uliokatwa sasa hivi, harufu kali inayokausha koo.

Na siku moja mvua ilipokatika, jua la saa sita likapiga ua wote, Najbun akiwa anaanika dengu na mtoto amesimama mbele yake, Najbun akatazama chini akaona kwamba kivuli cha mwanawe hakikuwa kivuli cha mtoto, kilikuwa kipana kuliko kitanda, chenye matundu madogo madogo maelfu ambamo mwanga ulipita ukachezacheza juu ya udongo, kivuli cha mti wenye majani membamba, na kilikuwa kikiyumba taratibu ingawa hapakuwa na upepo na mtoto mwenyewe alikuwa ametulia tuli, anamtazama, anatabasamu.

Mtu mwingine angepiga kelele. Najbun alitazama mlangoni kama mume wake anakuja. Kisha akasogea, akaketi ndani ya kivuli kile, akamvuta mtoto mapajani ili kisionekane.

Hayo alinieleza mwenyewe baadaye, na alipoyaeleza hakuniangalia usoni. "Nilijua, Mama Tufail," alisema. "Siku ya kumi nilikwisha jua. Nikasema moyoni, ya Rabi, niachie kidogo. Kidogo tu."

Nami namlaumu kwa haki gani? Mwanangu Tufail aliniambia kwamba Mahrukh hachezi tena, anasimama tu bustanini kando ya lile shina lililofungwa nailoni, analiangalia. Nilimpiga kofi nikamwambia asiseme habari za watu.

* * *

Siku ya thelathini na sita ilikuwa ya kuoga na kusuka nywele. Najbun alikuwa amemweka mtoto katikati ya magoti, anampaka mafuta ya amla kichwani. Vidole vyake vikashuka nyuma ya shingo, chini ya nywele, vikakuta kitu.

Akafunua. Kulikuwa na tuta la nyama, dogo, gumu, limezunguka shingo nzima kama kamba iliyoingia ndani ya ngozi. Juu ya tuta ngozi ilikuwa laini na yenye joto. Chini yake, kuanzia mabegani mpaka miguuni, ilikuwa baridi, inakwaruza, imeanza kubadilika rangi. Najbun ni mke wa mwenye bustani. Alikwisha kuona tuta kama lile kwenye miti mia tatu. Ni pale pandikizo linaposhikana na shina.

Na akiwa amelikodolea macho, mafuta yakimdondoka vidoleni, akasikia sauti kutoka chini ya tuta, si mdomoni, maana mdomo ulikuwa umefumba na ulikuwa ukitabasamu, sauti nyembamba ya kukabwa kama ya mtu aliyefunikwa magodoro, na sauti ile haikusema mama, ilimwita kama alivyokuwa akiitwa miaka yote sita na kuumia miaka yote sita.

"Najbun. Nimebanwa. Mwite Bibi."

Sufuria ya mafuta ilianguka. Alimkimbilia mume wake bustanini kichwa wazi, mbele ya vibarua.

"Baba Mahrukh, mtoto siye."

"Siye nani?"

"Aliye juu siye wetu. Wetu yuko chini, ananiita. Nimekuficha. Nimekuficha mwezi mzima, niue ukitaka."

Hashmat alimsikiliza mpaka mwisho. Alipotajiwa tuta, alikaa chini kwenye matope.

"Tangu lini?"

"Ijumaa ile, ulipomaliza kufunga."

Akahesabu kwa vidole. "Pandikizo likipita siku arobaini limeshika," akasema polepole. "Mishipa imekuwa kitu kimoja. Ukilitoa baada ya hapo, unaua vyote viwili."

* * *

Walimleta Maalim Ghufran siku ya thelathini na tisa, kwa baiskeli, amekaa nyuma na mwavuli. Alikuwa mzee mwenye sikio moja zima, asiyeuza hirizi wala kuchukua kuku. Alimtazama mtoto, akamtazama Hashmat.

"Ulikata saa ngapi?"

"Saa sita, maalim."

"Tukutane saa sita. Pale pale. Uje na kisu chako cha kazi. Mama aje na mtoto."

"Maalim, wasiteseke wote wawili, mwambie huyo jini anichukue mimi," Hashmat akasema. "Mimi ndiye niliyemkosea. Analipiza kisasi kwangu."

"Kwanza tuulize, bwana. Unahukumu kesi hujaisikiliza."

Tulikwenda watu wachache. Mbingu ilikuwa nzito, hakuna jani lililotikisika katika bustani nzima, ila mabua saba ya Chakaiya juu ya lile shina yalikuwa yakitetemeka. Najbun aliketi chini amempakata mtoto, na mtoto amemning'inia shingoni. Maalim alisoma kwa muda mrefu, sauti ya chini, jasho likimtoka ndevuni. Kisha akatoa salamu kama Bibi Kaniz alivyokuwa akitoa.

Mtoto akaitika. Sauti ilikuwa ya mtoto. Hilo ndilo lililotutia hofu zaidi, maana tulijiandaa kusikia ngurumo.

"Mama yako yuko wapi?" Maalim akamwuliza.

"Alikuwa tawini msumeno ulipopita."

"Hakukimbia?"

"Alinisukuma mimi kwanza."

Maalim akakohoa. "Mlikuwa hamjui kwamba mti unakatwa?"

"Bibi alikuwa anatuambia. Siku tatu anatuambia. Tunahama, tunarudi. Mwaka huu tulimngoja Bibi." Akaficha uso shingoni mwa Najbun, akaendelea kusema kwenye nywele zake. "Nikalala kwenye kuni nyuma ya jiko. Kuni zikaisha. Nikarudi kwenye shina, wakafunga wageni. Nikaona kitandani kwa Bibi kuna mtoto analala peke yake. Hakuna aliyemshika. Nikadhani hana mwenyewe."

Hashmat alilia kama mwanamke msibani, kwa sauti, anajipiga kichwa na kiganja. Alisema alijua. Alisema tangu utotoni alimsikia mama yake akitoa zile siku tatu, na siku ile alikumbuka akiwa tayari na msumeno mkononi, akasema ah, nani atasimama juani kuzungumza na mti.

"Kulia baadaye," Maalim akasema, naye macho yake hayakuwa makavu. "Ondoa mapandikizo yote. Acha shina litoe matawi yake lenyewe. Na huku chini, mtoto wa watu atachipua vile vile."

Hashmat akashika kisu. Alipobandua la kwanza, mtoto alipiga yowe moja fupi, akajikaza. La pili. La tatu. Utomvu ulitoka pale, na nyuma ya shingo ya mtoto tuta lilianza kulowa. "Mama, mwambie aache," alisema. "Mama, nimefanya nini? Mama, sitakula tena amla za chumvi, mwambie aache," na alivyozidi kusihi ndivyo alivyozidi kujikaza shingoni mwa Najbun, mpaka Najbun akawa anavuta pumzi kwa tabu na uso umembadilika rangi, na pandikizo la sita likatoka, na la saba likatoka, na bado mikono ile haikuachia, na chini ya tuta tulisikia sote mwingine akikwaruza kama kifaranga ndani ya yai.

"Bado kitu gani?" Hashmat akapaza sauti. "Nimemaliza yote!"

Maalim akamgeukia Najbun. "Binti yangu, wewe ndiye uliyemshika. Mimi sina aya ya kufungua mikono ya mama. Mfungue mwenyewe."

Najbun alitikisa kichwa.

"Jua linapita," Maalim akasema kwa upole.

Akamfungua. Alikishika kidole kimoja akakinyoosha, akashika cha pili, na kila kimoja kilipofunguka kilitafuta kujishika tena. Ilichukua muda kama wa kumenya tunda. Alipofika cha mwisho, mtoto aliacha kupigana. Alimtazama, akauliza kama mtu anayetaka kujua tu:

"Nikalale wapi?"

Maalim aliinamisha kichwa. Hashmat alikuwa na kisu mkononi. Sote tunaomcha Mungu, tunaoswali na kufunga, tunaojua alivyotuusia juu ya yatima, tulikuwepo pale watu sita, na hata mmoja hakumjibu.

Najbun akafungua kidole cha mwisho.

Majani ya miti yote yalitikisika mara moja, kisha yakatulia. Tuta lilikuwa limetoweka. Pamebaki mstari mwekundu. Mahrukh alifumbua macho, akatazama huku na huku, akamwona aliyempakata. Akajiondoa mapajani, akasimama kwa miguu inayoyumba.

"Najbun," akasema, "mbona tuko bustanini?" Na akaenda kumshika baba yake mkono.

Najbun alilia sana. Watu wakasema ni furaha, wakamwachia alie.

* * *

Shina lile sasa limetoa matawi yake, membamba, bado hayafiki urefu wa mtu. Hashmat hakuligusa tena. Mti wa amla unachukua miaka mingi kuwa na kivuli cha kumlaza mtu ndani yake.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mwezi wa kumi na mbili, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mchana hauonekani, nilimkuta Najbun uani peke yake na sinia la amla mapajani, anatoboa. Mahrukh alikuwa ng'ambo ya ua, kando ya mbuzi, ametugeuzia mgongo. Ni mzima, anakula, anacheza na Tufail. Kitanda cha Bibi bado anakilala peke yake.

Nilikuwa na kitoboleo changu, nikataka kuketi kumsaidia. Ndipo nikamwona Najbun ameacha kutoboa. Alikuwa ametulia vile mtu anavyotulia mtoto mchanga akimlalia kifuani, na mtandio wake umevutika begani, kama umeshikwa kwa ngumi ndogo isiyoonekana. Harufu ya ubao mbichi ikanifikia pale mlangoni.

Akaniona. Maalim alikuwa amemfundisha kisomo cha kusoma jambo likirudi, nami najua amekihifadhi, maana nilimsikiliza mwenyewe akikisoma. Alinitazama kwa muda, midomo yake haikusogea.

Kisha akaliinua sinia mapajani, akaliweka chini pembeni, akasogeza goti kumpa nafasi.